Na Askari Wawili

Juzi jioni televisheni ilikuwa inasoma majina. Askari wetu waliokufa katika nchi ya watu walikuwa wamerudishwa nyumbani, na kila jeneza lilipoteremshwa kutoka kwenye ndege, msomaji alitaja jina, cheo na kijiji, na picha ikaonyeshwa. Mmoja alikuwa na mwanya. Mama yake alionekana ameshikwa huku na huku na wanawake wawili, na msomaji akalitaja jina la mama huyo pia. Wajukuu wangu waliacha kula. Mimi niliinuka nikaenda kusimama uani, nikijifuta macho. Mjukuu mkubwa aliponifuata kuniuliza kama naumwa, nilimwambia ni moshi tu. Hatuna moshi. Tunapikia umeme.

Ndiyo maana naandika haya, kwa ajili ya ninyi wa rika langu mliokulia kando ya ziwa lile wakati boma bado lilikuwa la Wazungu. Wadogo zetu nao wanaweza kusoma wakipenda.

Nyumba yetu ilikuwa Nchelenge, hatua chache kutoka majini. Ukiamka, kitu cha kwanza kilikuwa harufu ya chisense, wale dagaa wadogo walioanikwa juu ya mchanga mpaka ufuko wote ukang'aa kama bati jipya. Baba alitoka ng'ambo, upande wa Kongo; alivuka akiwa kijana akifuata samaki, akamkuta Mama. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa na lugha mbili: Kibemba cha Mama, na Kiswahili cha Baba, kile cha Katanga, ambacho ufukoni petu kilikuwa lugha ya kuuzia samaki. Mama alikitumia kwa wachuuzi peke yao. Alisema kinamkausha mdomo.

Kaka yangu mkubwa aliitwa Mwape. Nilimwita Yaya, kama kila mdogo kwetu anavyomwita mkubwa wake. Sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo. Ndoana ilimkwanyua alipokuwa mtoto. Aliponibeba mgongoni nililishika pengo hilo kwa vidole viwili, naye akalalamika kwamba namwongoza kama baiskeli. Rafiki yake alikuwa Chisenga, kijana wa jirani. Mama yake Chisenga alikuwa mjane, na sote tulimwita Bana Chisenga, yaani mama wa Chisenga, kama mama yangu alivyoitwa Bana Mwape. Wanawake hao wawili walitumia kinu kimoja. Kilikaa mwezi huku, mwezi kule, na sikuwahi kusikia wakibishana kwamba ni cha nani.

Lori la jeshi lilikuja wakati wa kiangazi likiwa na mpiga tarumbeta. Walisema watatoa suruali, nyama kila siku, na safari ya meli. Mama hakutaka kusikia. Baba ndiye aliyelegea.

"Bana Mwape, hii ziwa nayo inakula batoto," alimwambia. "Kila mwaka tunazika. Acha aende. Kule batamupa hata viatu."

Yaya na Chisenga walikuwa na viatu jozi moja kati yao. Walipanda lori pamoja, Chisenga amevaa cha kulia, Yaya cha kushoto, wakicheka mpaka machozi. Watu wote walipunga mikono isipokuwa Mama na Bana Chisenga, waliosimama wameshikana viuno wakiangalia magurudumu. Siku hiyo upepo haukuwapo kabisa. Lori lilipoondoka, vumbi lilibaki limesimama barabarani, na sisi tukalitazama muda mrefu kuliko tulivyolitazama lori.

Barua ya kwanza ilisomwa na mwalimu wa shule. Ilisema wamefundishwa bunduki, wamenenepa, na sasa wanapelekwa vitani Malaya.

Ninyi mnaojua Kiswahili mmeshaona shida. Mimi nilikuwa na miaka minane hivi. Neno hilo nililijua kama tusi ambalo wanawake walirushiana pale samaki walipouzwa, na niliyemsikia akiitwa hivyo mara nyingi zaidi alikuwa mama mmoja kutoka ng'ambo aliyepaka midomo rangi na kukaa na wanunuzi. Nilimwuliza Baba, mbele ya wageni, "Yaya ameenda kufanya nini kwa malaya?" Kofi lilinipata kabla sijafunga mdomo. Hakuna aliyenieleza. Kwa hiyo nikaelewa peke yangu: kuna nchi ya wanawake wenye midomo myekundu, wamemkamata Yaya, na Baba anaona aibu kusema.

Siku moja nilimfuata yule mama wa ng'ambo mpaka kwenye mitumbwi. Nilimwambia kwa Kiswahili cha Baba, "Mama, tafazali, murudishe kaka yangu."

"Kaka yako nani, mutoto?"

"Mwape. Balimupeleka kwenu, na bunduki."

Alicheka sana, akaita wenzake wasikie. Kisha akauliza ni nani aliyempeleka, na nilipotaja lori na tarumbeta, kicheko kilimwishia katikati. Alinipa kipande cha sukari guru kutoka kwenye kitambaa chake. "Kwetu hakuna bunduki," alisema. "Omba Mungu sana juu ya kaka yako." Nilirudi nyumbani na hofu kubwa kuliko niliyoenda nayo. Kama hata wao hawajui alipo, basi yuko wapi?

Redio ilikuwa moja, ya kapitao, yaani msimamizi wa duka. Ilikuwa ya duara, ya bati la buluu, kama sufuria iliyofunikwa, na betri yake ilikuwa kubwa kuliko yenyewe. Ikiwaka muda, ilitoa harufu ya vumbi linalochomwa. Jumamosi alasiri kapitao aliiweka dirishani, na watu walikuja na vigoda vyao kusikiliza salamu kwa Kibemba: wachimba migodi wakisalimia wake zao, wanafunzi wakisalimia wazazi, na askari wa Malaya wakisalimia nyumbani. Mara mbili tulimsikia Yaya. Haikuwa sauti yake; msomaji alisoma tu kwamba Mwape wa Nchelenge ni mzima na anamsalimia mama yake, baba yake na mdogo wake wa mwisho. Watu waligeuka kuniangalia mimi. Mara zote mbili jina la Chisenga lilifuata la Yaya, kana kwamba wameandika kwenye karatasi moja, na Mama na Bana Chisenga walipiga vigelegele kwa pamoja.

Kisha majina yao yakakosekana. Jumamosi moja, mbili, tatu. Mvua zilikuwa zimeanza, na ziwa lilikuwa na rangi ya chuma. Mama aliacha kukalia kigoda. Alisimama karibu na dirisha, kichwa chini.

Jumamosi iliyofuata habari zilisomwa kabla ya salamu. Msomaji alisema kwamba katika msitu wa Malaya adui wamevamia kikosi chetu kikiwa doria. Akataja jina la afisa Mzungu aliyeuawa. Akalirudia. Akataja cheo chake, mji wa wazazi wake kule Uingereza, shule aliyosoma, na kwamba alikuwa anatarajia kuoa.

"Na askari wawili," akamaliza.

Muziki ukaanza.

Hakuna aliyesogea. Nakumbuka kuku mmoja alipita katikati yetu akidonoa, na hakuna aliyemfukuza. Mama ndiye aliyesema kwanza.

"Wawili nani?"

Kapitao alitazama pembeni. "Bana Mwape, wamesema tu wawili."

"Nimesikia. Wawili nani? Mwulize."

"Haiulizwi, mukwai," alisema, kwa lile neno letu la heshima. "Yenyewe inasema tu, haina masikio."

Mama aliinama, akaweka mdomo karibu na lile bati la buluu, kama unavyomwinamia mgonjwa, akauliza kwa upole mkubwa, kwa heshima zote za Kibemba, "Mukwai, hao wawili ni watoto wa nani?" Redio ikaimba. Aliuliza tena. Baadhi ya wanaume waliondoka, hawakuweza kutazama.

Tuliporudi nyumbani, Bana Chisenga alitembea upande mwingine wa njia. Hawakuwa wamegombana. Lakini tangu siku ile, macho yao yalipokutana, kila mmoja alikuwa kama mtu anayepima. Vijana kutoka wilaya yetu walikuwa wengi huko, na wawili wangeweza kuwa watoto wa mtu yeyote. Hata hivyo mawazo ya wanawake hao hayakufika mbali. Yalifika kwenye mlango wa jirani yakasimama. Kinu kilikuwa kwetu mwezi huo. Mwezi ulipoisha, Bana Chisenga hakuja kukichukua, na Mama hakukipeleka. Nilisikia akitwanga kwa jirani mwingine, mbali.

Baba alidandia lori la samaki akaenda boma kuuliza. Alirudi siku ya tatu, nguo zimelowa. Alikuwa ameambiwa asubiri. Ikiwa kuna habari, itakuja kwa karatasi. Alikaa akishona wavu ambao haukuwa umechanika.

Gazeti lilifika dukani baada ya siku nyingi, likiwa limefungia sabuni. Mwalimu alilikunjua. Yule afisa alikuwa ukurasa wa mbele, anatabasamu, amepiga magoti na mbwa wake. Kulikuwa na picha nyingine ya mazishi, bendera na maua. Maneno yalikuwa mengi, na mwalimu aliyasoma yote, akifuata kwa kidole, mpaka akafika mwisho. "Na askari wawili," akasema taratibu. Hata gazeti halikuwa na zaidi. Nyuma ya afisa na mbwa wake kulikuwa na mstari wa askari weusi, nyuso zao zimefifia kama zimeoshwa. Mama aliomba picha hiyo. Aliileta karibu na pua, akatafuta sikio lenye pengo. Kila siku alilitafuta. Siku nyingine aliliona, siku nyingine hakuliona.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu wa familia yangu ya sasa. Jumapili moja kanisani, wote walipofumba macho, nilimwomba Mungu kwamba, kama mmoja wa wale wawili ni wa kwetu, awe Chisenga. Sikuomba kwa kupitiwa. Nilieleza sababu. Nilisema Chisenga hana baba wa kumlilia, hana mdogo, na mama yake ni mmoja tu, kwa hiyo watakaolia watakuwa wachache. Nilifikiri Mungu ataona ninavyomrahisishia kazi. Nilipofumbua macho, Bana Chisenga alikuwa ananiangalia kutoka benchi la pili, na nikafumba tena.

Mesenja, yaani tarishi wa boma, alikuja asubuhi ya Alhamisi. Nasema Alhamisi kwa sababu ilikuwa siku ya lori kubwa, na ufuko ulikuwa umejaa. Alikuwa na baiskeli na sare iliyopigwa pasi, na matope yamemfika magotini. Watu walimwona kutoka mbali, na kadiri alivyokaribia, kazi ilisimama. Aliyekuwa na ndoo aliiweka chini. Mama alikuwa anageuza chisense kwa ufagio. Aliushika ufagio kwa mikono miwili. Nilisikia mnyororo wa baiskeli ukilia kwa kukosa mafuta. Nilihesabu nyumba kwa macho. Kama angepita ile ya Bana Chisenga, ilibaki yetu.

Alisimama kwa Bana Chisenga.

Kilio kilipotoka kule, Mama aliketi chini juu ya samaki. Akaanza kucheka. Ndugu zangu, alicheka, mikono ameitandaza, machozi yanamtiririka, anasema, "Asante Yesu, asante Yesu, asante." Mimi nilimkumbatia, na mimi nikacheka. Wanawake waliokuwa karibu walitugeuzia migongo.

Haikuchukua muda. Mama alisimama, akajifuta magamba, akafunga kitenge kiunoni kama afungavyo mwanamke anayekwenda msibani. "Twende tukamlilie mwenzetu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya aibu. Tukakutana na mesenja njiani anasukuma baiskeli. Alivua kofia.

"Samahani, mukwai. Nyumba ya baba yake Mwape ni ipi?"

Mama alimtazama kama hakumsikia. Mesenja alikuwa na karatasi ya pili.

Kati ya vijana wote wa nchi nzima, wale wawili walikuwa wetu. Hatukuwa tumeliwaza hilo hata mara moja. Kila mmoja wetu alikuwa amewaza kifo kimoja tu, akimsukumia mwenzake.

Hapakuwa na mwili. Karatasi ilisema amezikwa hukohuko kwa heshima. Ilikuwa na mhuri, na nafasi ya jina ilijazwa kwa mkono, maana maneno mengine yalikuwa yamechapwa tayari, ya kumfaa mtu yeyote. Baba zangu wadogo walivuka ziwa na wake zao, mitumbwi mitatu. Walilia vizuri, kwa desturi za ng'ambo. Jioni, wakati wa kula, mmoja alimwuliza Baba, "Mukubwa, mutoto alikufia wapi?"

Baba alitazama sahani.

"Mu Malaya," alisema, chini kabisa.

"Kwa malaya?"

Kijana mmoja, aliyekuja na baba zangu, alitoa sauti puani, kicheko kidogo kilichomponyoka. Baba hakuinua kichwa. Nilijua kwamba angekaa hivyo mpaka kufa, akiwa na mtoto ambaye hawezi kusema alikokufia kwa lugha aliyozaliwa nayo yeye Baba.

Mama alitoka jikoni. Alisema kwa Kiswahili, kile alichodai kinamkausha mdomo, neno moja moja, ili kila mtu asikie.

"Ile ni inchi. Malaya ni jina ya inchi. Iko na miti, iko na mvua, iko na batu. Mutoto yangu alikuwa askari, alikufia mu ile inchi. Hakuna mutu atacheka mu nyumba yangu."

Ndipo na mimi, kwa mara ya kwanza, nilipojua Yaya alikuwa wapi.

Kapitao alikuja kutoa pole na akaondoka na swali la Mama kichwani. Mama alitaka redio iseme majina. Alisema redio ndiyo iliyoanza jambo hili kwa kusema wawili, sasa imalizie. Kapitao, mtu mwema, aliandika barua. Hakukuwa na jibu. Aliandika tena. Mwishowe alikuja akisugua kofia yake. "Bana Mwape, nadhani hawasomi marehemu wetu. Kwetu wanasoma salamu tu."

Mama alifikiri.

"Basi tutatuma salamu," alisema.

Usiku ule hakulala nyumbani, alilala kwa Bana Chisenga. Walikuwa hawajasemezana tangu Alhamisi ile. Sijui walisema nini. Asubuhi walirudi wote wawili, macho yamevimba, wakaketi mmoja kila upande wangu. Mimi nilikuwa nasoma darasa la pili na ndimi mwandishi wa nyumba. Mama alitamka, niliandika: sisi, Bana Mwape na Bana Chisenga wa Nchelenge, tunawasalimia watoto wetu walioko Malaya. Niliandika jina la Yaya. Kisha Mama akasema, "Chisenga," na mkono wangu ukagoma.

"Andika," alisema Mama.

Sikuweza. Penseli ilidondoka. Nililia mpaka nikaanza kukohoa, na ndani ya kikohozi kile nikasema yote, kanisa, na sababu nilizompa Mungu, na kwamba Mungu alinisikia, kisha akanikasirikia akamchukua na Yaya. Nilisema nikiwa nimefumba macho, nasubiri kofi, na nililitegemea litoke upande wa Bana Chisenga.

Mkono wake ulikuja, lakini uliniokotea penseli.

"Mimi nilimwomba awe Mwape," alisema. "Kila asubuhi. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo ili niwahi kumwomba kabla ya mama yako."

Mama hakushtuka. Walikuwa wameshaambiana. "Na mimi niliwahi kabla yake," alisema. Akaisukuma karatasi karibu nami. "Sasa andika. Herufi kubwa, wasije wakakosea."

Ilichukua Jumamosi nne. Tulikwenda zote, mvua ama jua, na habari zilipita, na nyimbo zilipita, na wake wa wachimba migodi walisalimiwa. Ya nne, msomaji yuleyule alikohoa kidogo, akasoma. Alilitaja jina la Mwape lote, na jina la baba yake. Alilitaja la Chisenga lote, na la marehemu baba yake. Aliwataja mama zao. Alitaja Nchelenge. Hakujua. Sauti yake ilikuwa ya furaha, akaongeza maneno ambayo hatukuyaandika: kwamba vijana hawa bila shaka watarudi karibuni, na mama zao wawaandalie ugali.

Wanaume wote waliokuwa pale dukani walisimama. Hakuna aliyewaambia. Mwalimu alivua kofia, kisha wengine wakavua zao, na Baba, ambaye hakuwa na kofia, aliweka mkono juu ya kichwa. Bana Chisenga alikuwa ameishika sketi ya Mama kama mtoto.

Wimbo ukaanza, wimbo wa harusi. Kapitao alikimbilia kitufe cha redio ili auzime.

"Uache," Mama alimwambia. "Ni wao wamepigiwa."